Kundi la Mchezo wa Simulizi: Namna ya Kulipata na Kulidumisha

Upweke unagusa afya ya mwili na ya akili. Tume ya Shirika la Afya Duniani kuhusu mahusiano ya kijamii, katika ripoti yake ya mwaka 2025, ilikadiria kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani huathiriwa na upweke, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Hata hivyo, mgonjwa anayeshauriwa "kujichanganya na watu" mara nyingi huondoka kliniki bila kuelezwa aanzie wapi. Makala haya yanaeleza njia mojawapo, yaani kundi la kudumu la mchezo wa simulizi wa mezani, pamoja na sababu zinazofanya makundi hayo yavunjike.

Mchezo wenyewe

Mchezo huu ulipata umbo lake nchini Marekani mwaka 1974, wakati Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Wachezaji huzunguka meza. Mmoja wao, msimulizi, hueleza mahali na mkasa. Kila mmoja wa wengine huvaa uhusika wa mtu mmoja na kutamka anachotenda. Jambo lenye mashaka huamuliwa kwa dadu, na iliyo mashuhuri zaidi ni ile yenye nyuso 20. Kwa kawaida wachezaji hushirikiana na hakuna mshindi mmoja. Kikao huchukua saa 3 au 4, na hadithi moja huweza kuendelea kwa miezi au hata miaka. Aliyelelewa kwa ngano za jioni hataona ugeni mkubwa, ila hapa msikilizaji naye huamua hadithi ielekee wapi.

Kwa nini makundi huvunjika

Adui mkubwa wa kundi ni ratiba. Tuchukue wachezaji 5, kila mmoja akiweza kuhudhuria mara 4 katika kila vikao 5, na dharura za mmoja zisihusiane na za mwingine. Wote watano watakutana katika vikao 33 tu kati ya 100. Kundi linalosubiri watu watimie, basi, huahirisha vikao viwili katika kila vitatu, na baada ya muda mfupi hakuna anayeuliza tena. Iwapo watakubaliana kucheza wakiwapo angalau 3, vikao takriban 94 kati ya 100 vitafanyika. Wachezaji ni walewale na dharura zao ni zilezile. Kilichobadilika ni kanuni.

Kulipata kundi

Anza na watu unaowafahamu: majirani, wafanyakazi wenzako, au wanachama wa kikundi ambacho tayari mnakutana. Msimulizi mmoja na wachezaji 3 hadi 5 wanatosha. Katika miji mingi ya Ulaya na Marekani, maduka ya michezo na maktaba huandaa meza za wageni; walio mbali hucheza kwa video kupitia intaneti. Ukutanapo na watu usiowajua, kikao cha kwanza kiwe mahali pa hadhara.

Usiahidi hadithi ya mwaka mzima tangu mwanzo. Pendekeza hadithi fupi inayokamilika katika kikao kimoja. Mwishoni, kila mmoja ataweza kuendelea au kuaga bila kuona haya, nawe utakuwa umeona nani hufika kwa wakati na nani huwapa wenzake nafasi ya kuzungumza.

Makubaliano ya mwanzo

Kabla ya hadithi ndefu, kaeni mkubaliane siku, saa ya kuanza na ya kumaliza, idadi ya chini ya wachezaji, na muda wa kutoa taarifa ya udhuru. Kubalianeni pia mambo yasiyoletwa mezani. Aliyefiwa karibuni, aliyenusurika ukatili au aliyekimbia vita anaweza kuumizwa na tukio ambalo kwa mwingine ni burudani. Makundi mengi hutumia kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos: mchezaji akiigusa, jambo hilo huondolewa katika hadithi, naye hatakiwi kueleza sababu.

Kulidumisha

Siku isiyobadilika ni rahisi kukumbukwa kuliko siku inayojadiliwa upya kila wiki. Anzeni kwa muhtasari wa kikao kilichopita ili aliyekosa asijione mgeni. Msimulizi ndiye hubeba mzigo mkubwa. Wengine washike chakula, kumbukumbu na taarifa, na mara kwa mara mtu mwingine asimulie hadithi fupi ili apumzike.

Mwenzenu akianza kukosa mfululizo, mmoja wenu amtafute faraghani kabla ya kumhukumu. Kujitenga, kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda na kukosa usingizi kwa wiki 2 au zaidi vinaweza kuwa dalili za sonona. Ahimizwe kumwona mtoa huduma za afya. Akizungumzia kujiua, asiachwe peke yake, na apelekwe kituo cha afya mara moja. Katika hili kundi la kudumu lina faida isiyoonekana haraka: kutokuwepo kwako kunajulikana siku ileile.

Kwa mgonjwa

Simameni na kunyoosha miguu kila baada ya nusu saa hivi. Mwenye kisukari asiruhusu hadithi impitishe saa ya mlo au ya dawa, hasa akitumia insulini. Maji yawepo mezani badala ya soda pekee. Mwenye homa ya mafua abaki nyumbani, na mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu.

Kwa mhudumu wa afya

Mwenye zamu za usiku aitoe ratiba yake mapema, naye ananufaika zaidi na kanuni ya idadi ya chini. Visa vya wagonjwa visigeuzwe hadithi, hata kama majina yamebadilishwa. Kundi la burudani lisiitwe tiba: halichukui nafasi ya dawa wala ya ushauri nasaha, na linapotumika kama sehemu ya matibabu lisimamiwe na mtaalamu mwenye mafunzo.

Kundi la kwanza huenda lisidumu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: waiteni wale wawili waliofika kila mara, na muanze tena pamoja nao.