Kabla Hujanyunyizia Dawa Miwaridi Yako

Akina mama wengi tuna miwaridi mbele ya nyumba. Maua yake hupamba meza zetu, na Jumapili hupelekwa kanisani. Lakini msimu wa mvua ukifika, majani hubadilika rangi na kupukutika. Hapo wengi wetu hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa yoyote iliyopo.

Sisi wauguzi hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kumchunguza. Mwaridi nao unataka hivyo hivyo. Chuma jani moja, litazame juu, kisha ligeuze ulitazame chini.

Ukiona madoa meusi ya mviringo, na jani linageuka njano kuyazunguka, huo ni ugonjwa wa ukungu. Ukungu huu huingia jani likikaa na maji kwa saa nyingi, kama saba hivi. Kwa hiyo mwagilia asubuhi, tena shinani, siyo juu ya majani. Okota majani yote yaliyoanguka uyachome, na upunguze matawi yaliyosongamana ili hewa ipite.

Ukiona kitu cheupe kama unga juu ya majani machanga, nao pia ni ukungu, wa aina nyingine. Kata sehemu zilizoshikwa, na usiuache mwaridi kwenye kivuli kizito.

Majani yakijikunja, yakinata, na sisimizi wakipanda na kushuka, tazama chini ya jani: utakuta vidukari wamejazana. Changanya kijiko kidogo cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, nyunyizia jioni chini ya majani, kisha rudia baada ya siku chache.

Yakiwa njano majani ya chini tu, bila doa wala mdudu, mara nyingi mmea una njaa. Upe samadi iliyooza vizuri. Hakikisha pia kwamba maji hayatuami shinani, maana mizizi ikikosa hewa majani huwa njano vilevile.

Tunasisitiza uchunguzi kwa sababu tuliwahi kumpokea wodini mtoto wa miaka mitatu aliyekunywa dawa ya wadudu iliyotiwa katika chupa ya soda. Tunashukuru kwamba alipona. Mama yake alitueleza kuwa aliinunua kwa ajili ya mwaridi wake. Tulipomwuliza ulikuwa na nini, alijibu: majani ya chini yalikuwa njano, basi. Mwaridi ule ulihitaji samadi tu.

Kama ni lazima ununue dawa, iache katika chombo chake chenye maandishi, na uifungie mahali ambapo mtoto hafiki. Ajali ikitokea, usimtapishe mtoto wala usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitali, na chombo cha dawa ukichukue mkononi.

Leo jioni, kabla hujafungua mkoba kutafuta pesa ya dawa, toka nje ugeuze jani.