Intaneti ya Biashara Ndogo: Pima Kazi Kabla ya Kupima Bei

Hadi mwaka 2009, intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea kwa sehemu kubwa setilaiti zilizoko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, umbali uliofanya mawasiliano yawe ya taratibu na bei yake iwashinde wafanyabiashara wengi wadogo. Hali ilibadilika mwaka huo mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa, ukifuatwa na ule wa EASSy mwaka 2010. Mkongo ni waya mnene unaolazwa chini ya bahari, ambao ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, zinazosafirisha taarifa kwa njia ya mwanga. Tangu hapo ushindani umeongezeka, na mwenye duka Kariakoo anayepigiwa hodi na mawakala wa kampuni mbalimbali, kila mmoja akitaja kasi kubwa na bei ndogo, inampasa aipime kwanza kazi yake mwenyewe kabla ya kuipima huduma anayouziwa.

Kasi hutajwa kwa megabiti kwa sekunde, ilhali ukubwa wa faili hutajwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni sawa na megabiti nane. Aidha, kasi ina pande mbili: ya kupakua, yaani kuvuta taarifa kutoka mtandaoni, na ya kupakia, yaani kuzipeleka huko, na matangazo kwa kawaida hutaja ya kwanza tu. Studio inayomtumia mteja picha za harusi zenye jumla ya megabaiti 600 hutumia dakika 40 ikiwa kasi ya kupakia ni megabiti 2 kwa sekunde, lakini dakika 4 tu ikiwa ni megabiti 20. Duka la rejareja linalopokea malipo kwa simu na kutuma taarifa za risiti kwa mamlaka ya mapato linahitaji kasi ndogo sana, ila linaihitaji muda wote mlango unapokuwa wazi.

Pale ambapo faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo, inafika hadi ndani ya jengo, ndiyo chaguo bora kwa biashara nyingi, kwa kuwa kasi yake haiyumbi sana. Isipokuwepo, ruta ya laini ya 4G au 5G hufungwa kwa dakika chache, ingawa mnara mmoja huhudumia watumiaji wote wa eneo lake, na ndiyo maana kasi hushuka wengi wanapoingia mtandaoni kwa pamoja. Kwa maeneo ya mbali zipo setilaiti za mzingo wa chini, kama za Starlink, iliyoanza kutoa huduma Kenya mwaka 2023, ambazo huzunguka kilomita 550 hivi juu ya dunia na hivyo hujibu haraka kuliko zile za zamani, mradi antena yake ione anga lisilozibwa na miti wala maghorofa.

Linalosahauliwa mara nyingi ni uhakika. Kampuni inayoahidi upatikanaji wa asilimia 99.5 inaweza, katika siku 30, kumwacha mteja bila mtandao kwa saa 3 na dakika 36 na bado ikawa imetimiza ahadi yake. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu pa intaneti panaweza kuwa mbali sana na duka: tarehe 12 Mei 2024, hitilafu za mikongo ya EASSy na SEACOM kati ya Msumbiji na Afrika Kusini zilidhoofisha huduma Tanzania, Kenya na nchi jirani. Kwa hiyo laini ya akiba itoke kwa kampuni inayotumia njia nyingine, na ruta, ambayo hula umeme kidogo, iwekewe betri.

Mwisho, mkataba usomwe wote, hasa kipengele cha matumizi ya haki, ambacho huruhusu kifurushi kinachoitwa “bila kikomo” kupunguzwa kasi baada ya kiasi fulani cha data. Majirani wa jengo hilohilo nao waulizwe mtandao wao hukatika mara ngapi, na fundi akiitwa huchukua siku ngapi kufika, kwa kuwa hayo hayaandikwi kwenye tangazo lolote.