Uchimbaji wa Kiakiolojia: Yampasayo Kujua Anayeshiriki kwa Mara ya Kwanza

Kigae cha chungu chenye nakshi za pembetatu kinaweza kuonekana kuwa takataka machoni pa anayekiokota shambani. Kwa mwanaakiolojia, kigae hicho ni ushahidi, ilimradi ijulikane kilitoka mahali gani na katika kina gani. Hilo ndilo somo la kwanza kwa mtu anayeingia katika uchimbaji wa kiakiolojia akiwa mgeni wa kazi hiyo.

Mkoa wa Morogoro una mfano ulio wazi. Huko Dakawa, wilayani Mvomero, karibu na Mto Wami, watafiti Randi Haaland na Cornelia Msuya walichunguza makazi ya kale ya watu waliofinyanga vyungu na kufua chuma katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000. Vyungu vyenye nakshi za namna hiyo hupatikana pia katika maeneo mengi ya pwani, jambo linaloonesha kuwa bara na pwani zilihusiana tangu zamani. Karne nyingi baadaye, chini ya Milima ya Uluguru, ulisimama mji wa Simbamwene ulioanzishwa na Kisabengo kando ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura ya 333, hairuhusu mtu kuchimba kutafuta mabaki ya kale bila leseni. Kwa sababu hiyo, anayeanza hujiunga na timu yenye leseni. Wanafunzi wa akiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hujifunza kwa njia hiyo katika mafunzo ya vitendo, na wakazi wa vijiji jirani na maeneo ya utafiti mara nyingi huajiriwa kama wasaidizi.

Katika eneo la kazi, vigingi na kamba hutumika kugawa ardhi katika miraba. Udongo huondolewa polepole kwa mwiko na brashi, tabaka baada ya tabaka, kisha huchekechwa ili vipande vidogo visipotee. Kila kinachopatikana hutiwa katika mfuko wenye maandishi yanayotaja mraba, kina na tarehe. Mshiriki mpya hapaswi kung'oa kitu kinachochomoza. Humwita msimamizi ili kipimwe, kichorwe na kupigwa picha kikiwa pale pale kilipolala.

Uangalifu huo una sababu. Mkaa uliolala pamoja na mavi ya chuma unaweza kupimwa kaboni na kueleza umri wa tanuri. Mkaa huo ukihamishwa bila kumbukumbu, hakuna maabara inayoweza kurudisha uhusiano wake na tanuri hilo. Shimo huchimbwa mara moja tu.

Ndiyo maana wanaofukua ardhi kwa siri wakitafuta mali zinazodaiwa kuachwa na Wajerumani huharibu historia hata wasipopata kitu. Mwananchi anayekutana na vigae, mifupa au mavi ya chuma wakati wa kulima au kujenga anashauriwa kusimamisha kazi mahali hapo, kuviacha vilivyo na kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa, ili wataalamu wa mambo ya kale wafike kabla ushahidi haujapotea.