Blogu za Mbeya na Iringa: Kwa nini zilinyamaza, na kumbukumbu zake zinaokolewaje?

Kabla ya magrupu ya WhatsApp kujaa kwenye simu, Mnyakyusa anayesoma Dar es Salaam au Mhehe anayefanya kazi ughaibuni alikuwa na njia rahisi ya kujua nyumbani kuna nini. Alifungua blogu.

Huko alikuta picha za sokoni, harusi, misiba, mashindano ya mpira ya mtaani na barabara iliyoharibiwa na mvua. Chini ya picha watu walisalimiana: "Kamwene" kwa wa Iringa, "Ughonile" kwa wa Tukuyu na Kyela.

Leo blogu nyingi za aina hiyo zimekaa kimya, na nyingine ukizibonyeza hazifunguki kabisa. Zikipotea, zinapotea na picha za maisha ya kawaida ambazo huwezi kuzipata kwenye gazeti wala kwenye makumbusho.

Zilianzaje?

Kublogu kwa Kiswahili kulishika kasi baada ya Ndesanjo Macha kuanzisha blogu ya Jikomboe mwaka 2004. Mwaka 2005 mpiga picha Issa Michuzi akaanzisha ya kwake, iliyokuja kuwa kijiwe kikubwa cha Watanzania wa ndani na nje ya nchi.

Nyanda za Juu Kusini hazikubaki nyuma. Mwaka 2006 Maggid Mjengwa, mwandishi anayefahamika sana Iringa, alianzisha blogu iliyobeba jina lake. Alipenda kupiga picha za watu wa kawaida: mwendesha baiskeli, mama anayeuza ndizi, watoto njiani. Upande wa pili wa kanda ikaja blogu ya Mbeya Yetu, iliyofuatilia matukio ya Mbeya.

Mtaji haukuwa mkubwa. Blogger, huduma ya Google, ilikuwa bure. Ilitosha kuwa na kamera ndogo, muda wa kukaa intaneti kafe na moyo wa kuandika. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na baadaye simu janja zikasambaa, kuposti picha kukawa rahisi zaidi.

Ziliandika nini cha tofauti?

Gazeti la kitaifa likija Iringa, mara nyingi linafuata ziara ya kiongozi, ajali au kesi. Mwanablogu anaishi hapo hapo. Anajua msimu wa ulanzi unaanza lini, nani anauza mtamu pale Kihesa, na kwa nini watu wa Mwanjelwa wana hasira wiki hii.

Chukua Mwanjelwa kama mfano. Soko la zamani liliungua mwaka 2006, na leo pale pana jengo jipya. Kijana aliyezaliwa baada ya moto akitaka kuona soko ambalo bibi yake aliuza viazi na maharage lilivyokuwa, anahitaji picha ya mtu aliyepita pale na kamera.

Makumbusho yapo, tena mazuri. Kalenga, karibu na mji wa Iringa, linahifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Mjini kuna Iringa Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa kama makumbusho mwaka 2016. Lakini makumbusho huanza na watawala, vita na vitu vya kale. Harusi ya jirani yako ya mwaka 2010 haimo. Kwenye blogu inaweza kuwemo.

Kwa nini nyingi zilinyamaza?

Sababu ya kwanza ni gharama. Mwaka 2018 serikali ilitoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizotaka wenye blogu kusajiliwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ada ya maombi ilikuwa Sh100,000, na leseni Sh1,000,000 kwa mwaka. Aliyeendelea bila leseni alikabiliwa na faini isiyopungua Sh5 milioni, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Serikali ilisema inataka kudhibiti uchochezi, matusi na upotoshaji mtandaoni. Wakosoaji walisema ada hizo zitawanyamazisha wadogo. Juni 2018, tarehe ya mwisho ilipokaribia, hata JamiiForums ilisimamisha huduma kwa muda.

Piga hesabu ya mwanablogu wa Uyole. Anaposti picha za sherehe na ngoma, hana matangazo ya maana, na bando analipa mwenyewe. Milioni moja kwa mwaka angeitoa wapi?

Kanuni hizo zilibadilishwa mwaka 2020, kisha zikarekebishwa tena 2022. Kwa hiyo usiamue lolote leo kwa kutumia bei za 2018. TCRA ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Kabla ya kuanza, uliza pale unachotaka kuchapisha kinahitaji leseni gani.

Sababu ya pili ni wasomaji kuhama. Walienda Facebook, Instagram, WhatsApp na sasa TikTok. Mwandishi naye akawafuata.

Si picha zipo WhatsApp?

Zipo, lakini si kwa namna ile ile. Picha ya grupu inakaa kwenye simu za waliokuwemo siku ile. Simu ikiibiwa au ikijaa, imeondoka. Mtu akiunganishwa leo, haoni yaliyotumwa miaka mitano iliyopita. Na ukitafuta Google, hupati kitu.

Blogu ni tofauti. Kila posti ina tarehe, kichwa cha habari na anwani yake. Mtu asiyekujua anaweza kuandika "Mwanjelwa 2009" akiwa popote na akaiona.

Tarehe hizo zina kazi kubwa huku kuliko watu wanavyodhani. Mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Posti ya 2009 ikisema "Makambako, Iringa" au "Tunduma, Mbeya" haijakosea. Bila tarehe, msomaji wa leo anachanganyikiwa.

Hatari iko wapi sasa?

Blogu ya bure inafunguliwa kwa akaunti ya mwenyewe. Akisahau nywila au akifariki bila kumwachia mtu, hakuna wa kuingia kuitunza. Tangu Desemba 2023 Google imeanza pia kufuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka 2. Na kama mwenye blogu alinunua jina lake la intaneti kisha akaacha kulilipia, mtu mwingine anaweza kulichukua.

Ufanye nini?

Kama una blogu ya zamani, fanya haya wiki hii:

1. Ingia kwenye akaunti yako. Badilisha namba ya simu kama ile ya zamani hunayo tena.

2. Nenda kwenye mipangilio ya Blogger na upakue nakala ya blogu yako. Nakala hiyo inabeba zaidi maandishi, hivyo picha zipakue pia. Weka nakala sehemu mbili, kwa mfano kwenye flashi na kwenye kompyuta ya ndugu.

3. Mpe mtu mmoja unayemwamini nafasi ya kuwa msimamizi wa pili.

Kama huna blogu ila unaipenda ya mtu, nakili anwani ya ukurasa, nenda web.archive.org na uihifadhi pale. Ni bure, na kwa simu inachukua dakika chache.

Na kama una picha za zamani za Mbeya au Iringa kwenye simu, ziandikie mahali, mwaka na tukio kabla hujasahau. Kabla ya kuzirusha hadharani, omba ruhusa ya waliomo, hasa zikiwa za watoto au za msibani. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Picha isiyo na jina wala mwaka, baada ya miaka 20 hata wajukuu wako hawatajua ni ya wapi.