MALEZI YA NYUMBANI: SAA MBILI ZA JIONI BILA KIOO

Televisheni ilipofika Kenya mwaka 1962 ilikuwa mali ya watu wachache, nayo ilikaa mahali pamoja sebuleni. Kioo cha siku hizi hakina makao. Hulala mfukoni mwa baba, huingia jikoni pamoja na mama, na mtoto mchanga akilia hupewa akitazame ili anyamaze. Hivyo huonekana nyumba yenye watu watano waliokusanyika jioni, kila mmoja ameinama peke yake, na chakula chaliwa pasipo neno.

Wazazi wengi huhofia yale ambayo mtoto huyaona katika simu. Hofu hiyo ina haki, lakini kuna hasara nyingine isiyotajwa sana, nayo ni saa zinazopotea. Tabia njema haifundishwi kwa hotuba. Hufundishwa katika saa ambazo mzazi na mtoto hufanya kazi pamoja na kuzungumza, na saa hizo ndizo kioo kinazozila.

AGIZO LA ZAMANI

Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, yawaagiza wazazi kuwafundisha watoto maneno ya Mungu katika nyakati nne: wakiwa wamekaa nyumbani, wakiwa safarini, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Agizo hilo halikutaja darasa wala mimbari. Lilitaja siku nzima ya mtu wa kawaida, na kwa hiyo mkulima na karani wote waweza kulitimiza.

Mambo ya leo yakubaliana na hayo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka miwili asiketishwe mbele ya kioo kamwe, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mwaka huohuo mtaala mpya wa Kenya ulianza kufuatwa nchini kote katika madarasa ya chini, nao wataja heshima, uwajibikaji na uadilifu miongoni mwa maadili ambayo mzazi hushirikiana na mwalimu kuyajenga.

KAZI YA ASUBUHI

Yafaa kila mtoto awe na kazi iliyo yake, si kazi ya kutumwa kwa kelele kila siku. Wa miaka minne aweza kuokota mayai na kuyahesabu. Wa miaka saba aweza kufagia uwanja na kuwapa kuku maji. Wa miaka kumi aweza kuandika katika daftari lita za maziwa zilizokamuliwa. Wavulana na wasichana wagawane kazi hizo sawasawa, maana mvulana asiyeosha sahani hujifunza kwamba amezaliwa kuhudumiwa.

Kazi isiwe adhabu. Mtoto aliyelimishwa kwa sababu ya kosa huchukia jembe, na aliyelazimishwa kusali kwa sababu hiyo huchukia sala.

KIPIMO CHA MAZIWA

Maziwa yanayopelekwa katika chama cha ushirika hupimwa kwa kipimo kinachoelea, ambacho huzama zaidi maji yakiwa yametiwa. Karani wa chama ana kipimo hicho, na mtoto pia ana cha kwake, yaani macho yake. Mzazi akiongeza kikombe cha maji katika debe mbele ya mwanawe, sala zote za jioni haziwezi kuufuta mfano huo. Lakini mtoto akiona maziwa machache yakipelekwa yalivyo, kisha mwisho wa mwezi akalinganisha daftari lake na malipo, amejifunza hesabu na uaminifu kwa pamoja. Hapo ndipo mafundisho ya Mithali juu ya mizani ya hila yanapopata maana kwake.

Karani anayekaa katika chumba kimoja mjini hana ng'ombe, lakini ana duka jirani. Mtoto aliyetumwa sukari na unga arudishe chenji mezani, aihesabu mwenyewe, na ikizidi shilingi tano arudi kumpa mwenye duka. Shilingi tano ni kidogo, lakini safari ile ya kurudi haisahauliki.

SIKU 21

Kioo humzoeza mtoto kupata kila kitu mara moja. Shamba humfundisha kungoja. Kuku akianza kutamia, mtoto aandike tarehe ukutani na kuhesabu siku 21. Ataona kwamba mayai hayaharakishwi kwa kulia wala kwa kuyatikisatikisa, na kwamba mengine huharibika ijapokuwa kuku hakukosea. Hilo nalo ni somo, hasa kwa mtoto atakayefanya mtihani siku moja asifaulu kama alivyotumaini.

Mjini, gunia lililojazwa udongo na samadi, na kutobolewa matundu ubavuni, hutosha kupanda sukuma wiki. Mtoto apewe gunia lake na kopo lake la maji. Akisahau kumwagilia, mzazi asikimbilie kumwagilia kwa siri. Majani yaliyonyauka husema vizuri kuliko kiboko.

JIONI

Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku, simu zote ziwekwe ndani ya kikapu kimoja karibu na mlango. Moja iachwe ikiwa na sauti, kwa ajili ya ugonjwa au msiba. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 simu imekuwa chombo cha riziki, wala hakuna mwenye busara anayetaka itupwe. Jembe pia ni chombo cha riziki, lakini mkulima hali chakula akiwa amelishika.

Saa hizo mbili zitajaa upesi. Watoto wachambue maharagwe huku wakitegeana vitendawili, na anayeshindwa atoe mji kama ilivyo desturi. Bao lina mashimo 32 na kete 64, nalo hufundisha kuhesabu, kufikiri mbele na kushindwa bila kununa. Siku moja katika juma mtoto amwandikie bibi yake barua kwa mkono, aeleze habari za nyumbani na kuuliza hali yake.

Baada ya chakula isomwe habari moja fupi ya Biblia. Kitabu cha Mithali kina sura 31, kwa hiyo sura moja kwa siku yatosha mwezi mzima. Kwa watoto wadogo habari za Zakayo, Ruthu na Gehazi ni bora kuliko mahubiri marefu. Mtoto aisimulie kwa maneno yake, kisha aulizwe swali moja tu: je, leo jambo kama hili limetokea wapi? Huenda akataja ugomvi wa shuleni, na huenda akataja hasira ya baba yake. Mzazi asimkaripie, bali asikilize, na akiwa amekosa aombe radhi. Mtoto aliyemwona baba yake akiomba radhi hatahitaji somo jingine la unyenyekevu.

MZAZI ATANGULIE

Juma la kwanza litakuwa gumu. Watoto watanung'unika na kusema hawana la kufanya. Wasipewe kioo kwa sababu hiyo, maana mtoto asiye na la kufanya hatimaye hubuni jambo. Wengi hutengeneza magari ya waya na mipira ya makaratasi kabla mwezi haujaisha.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa wazee wenyewe. Baba anayefanya kazi mbali hufika nyumbani Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili. Akizitumia saa hizo chache kutazama simu, mwanawe atajua ni kipi anachokipenda zaidi. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wala hawakumtenga baba wa mjini. Basi simu ya kwanza kuingia kikapuni jioni iwe yake.