Seva ya ofisini: umeme ni shilingi 1,282, zilizobaki ziko wapi?

Seva ya zana ni programu inayokaa kwenye kompyuta ya ofisini na kuiwezesha programu ya akili mnemba kufungua mafaili, kutafuta ankara au kutuma ujumbe. Husifiwa kwamba ni ya bure, na kwa upande wa programu sifa hiyo ni kweli: itifaki ya MCP, inayounganisha programu ya akili mnemba na zana na iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024, iko wazi kwa wote, na toleo la kujisakinishia mwenyewe la n8n, programu ya kuunganisha kazi, halina ada kwa matumizi ya ndani ya ofisi. Gharama huanzia baada ya hapo.

Tuchukue ofisi ya mfano Dar es Salaam, inayouza vipuri kwa mkopo, na dola moja kwa shilingi 2,500. Raspberry Pi 5 ya GB 8 ilizinduliwa 2023 kwa dola 80; adapta yake dola 12, feni dola 5. Nimekadiria diski dola 30 na usafiri dola 25. Ukiweka VAT ya asilimia 18 kwenye vifaa, jumla inafika kama dola 175, yaani shilingi 437,500. Ikidumu miaka mitatu, ni 12,153 kwa mwezi. Anayenunua leo aweke bei ya leo.

Umeme ni mdogo zaidi. Kifaa kinachovuta wati 5 usiku na mchana hutumia uniti 3.6 kwa mwezi. Kwa mteja wa kundi la T1, la matumizi ya kawaida, uniti ni shilingi 292, na pamoja na VAT na tozo inafika 356.24. Hiyo ni 1,282 kwa mwezi. Laptopu ya zamani ya wati 30 ingekula 7,695. Akiba ya kutonunua kifaa kipya ni ya kweli, ila LUKU itadai sehemu yake.

Sasa tuje kwenye tokeni, yaani vipande vya maneno ambavyo modeli, ile programu ya akili mnemba, huvisoma na kuviandika, na ambavyo mtoa huduma huvihesabu na kuvitoza. Modeli ya Claude Sonnet 4 ya Anthropic ilipotoka Mei 2025 ilitoza dola 3 kwa tokeni milioni moja zinazoingia na dola 15 kwa zinazotoka. Seva haifikiri; anayefikiri ni modeli. Kwa kawaida, kila mara inapoitwa, hupelekewa upya maelezo ya kila zana iliyopo: jina lake, kazi yake, inachohitaji. Zana isipotumika, maelezo yake yanalipiwa vilevile.

Mhasibu akiuliza, “Nani hajalipa mwezi huu?”, modeli huitwa mara nne: kuorodhesha mafaili, kufungua daftari la madeni, kulinganisha na malipo, kisha kujibu. Tuseme maelezo ya zana moja ni tokeni 400. Mwenye zana 40 anapeleka tokeni 16,000 kila wito, 64,000 kwa swali zima. Kwa bei hiyo ya Sonnet 4, ni shilingi 480 kabla hata ya kusoma ankara moja. Kwa maswali 50 kwa siku, siku 22, ni shilingi 528,000 kwa mwezi.

Zikibaki zana sita, swali hilohilo linabeba tokeni 9,600, yaani shilingi 72. Kwa mwezi 79,200. Tofauti ni 448,800. Kuzima zana 34 zisizo na kazi kunaokoa, kwa mwezi mmoja tu, fedha inayozidi bei ya kifaa chenyewe. Hapa ndipo ningemtaka fundi aanzie, kabla ya kujadili aina ya kompyuta.

Kuna njia ya kuhifadhi maelezo kwa muda mfupi upande wa mtoa huduma: kuyaandika mara ya kwanza huongeza robo ya bei, kuyasoma tena hutozwa sehemu moja ya kumi. Kwa zana 40, shilingi 480 hushuka hadi 186. Ni nafuu kubwa, lakini bado ni zaidi ya maradufu ya 72.

Majibu ya zana nayo yanalipiwa. Zana inayorudisha daftari zima la madeni badala ya safu za wasiolipa hugharimu mara nyingi zaidi, na hupeleka majina ya wateja wote nje ya ofisi. Seva kuwa ndani hakuizuii data kutoka. Nimekadiria tokeni 12,000 za yaliyosomwa na 800 za jibu: shilingi 120 kwa swali, 132,000 kwa mwezi. Fundi wa saa nne kwa mwezi, kwa 15,000 kwa saa, ni 60,000.

Jumla ya mwezi kwa zana sita ni 284,635, sawa na shilingi 259 kwa swali. Dhana inayobeba hesabu hii ni maswali 50. Yakiwa 10 kwa siku, gharama zisizobadilika zinagawanywa kwa machache, na swali moja linapanda hadi 526.

Karani anayelipwa 600,000 kwa saa 176 hugharimu takribani shilingi 57 kwa dakika. Swali la 259 lazima liokoe dakika nne na nusu. La ofisi yenye maswali 10, dakika tisa na ushei. Kwa mwenye zana 40 ambazo maelezo yake hayahifadhiwi, swali ni 667, na dakika zinakaribia 12. Orodha ya wasiolipa huenda ikafikia hapo. Kutafuta namba ya simu ya mteja mmoja hakufiki.