Goti linauma? Soma haya kabla ya kudungwa sindano ya damu yako mwenyewe

TUSEME wewe ni winga. Jumapili jioni, mechi ya mtaa hapa Webuye, unageuka ghafla na mpira huku mguu umekwama kwenye nyasi. Unasikia goti likilia ‘tap’. Asubuhi limefura. Unapumzika wiki mbili, maumivu yanapungua, unarudi uwanjani. Miezi michache baadaye, kushuka mlima wa Chetambe kunakuuma kuliko kuupanda.

Halafu rafiki anakutumia video kwa WhatsApp. Mchezaji anatolewa damu, damu inazungushwa kwa mashine, kisha anadungwa gotini. Eti gegedu litaota upya.

Je, ni kweli? Jibu fupi: bado haijathibitishwa. Jibu refu lisome, maana goti ni lako na pesa ni zako.

Gegedu unalijua. Ni ile sehemu nyeupe, laini, unayotafuna mwishoni mwa mfupa wa kuku, na hapa Bungoma nani hajala kuku? Kwenye goti lako ndilo linalofanya mifupa iteleze bila kusagana. Shida yake ni moja: halina mishipa ya damu. Ukijikata kidole, damu huleta kila kinachohitajika kufunga kidonda. Gegedu likichanika, msaada huo haufiki. Ndiyo maana mwaka wa 1743 daktari William Hunter wa London aliandika kwamba gegedu likishaharibika, halirudi.

Tangu hapo madaktari wamejaribu kulipelekea msaada kwa kutumia majimaji ya mwili wenyewe. Njia tatu ndizo utakazosikia sana.

Damu yako (PRP). Mashine hutenganisha sehemu ya damu yenye chembe nyingi za kugandisha damu. Chembe hizo hubeba protini zinazochochea seli kukua. Wazo ni zuri. Lakini nchini Australia watafiti walichukua watu 288 wenye magoti yaliyoanza kuchakaa, wote wa miaka 50 na zaidi. Wengine walidungwa PRP, wengine maji ya chumvi tu, bila kujua nani kapata nini. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2021: baada ya mwaka mmoja, hakukuwa na tofauti ya maana katika maumivu wala katika gegedu lenyewe. Kweli, wewe si wa miaka 50. Lakini anayekuahidi gegedu jipya anakuuzia matumaini.

Ute wa goti. Ute huu una asidi ya hyaluroniki, iliyogunduliwa mwaka wa 1934 katika jicho la ng’ombe. Baadaye ilianza kutolewa kwenye ile nyama nyekundu ya kichwani mwa jogoo na kutengenezwa sindano. Inalainisha, na wengine husema imewapunguzia maumivu. Haijathibitishwa kuotesha gegedu.

Damu ya uboho. Huu ni upasuaji ulioanzishwa na Richard Steadman wa Marekani miaka ya 1980. Daktari hutoboa vijitundu kwenye mfupa ili damu ya uboho ivuje na kugandia penye shimo. Hapa kitu huota kweli, lakini ni gegedu la nyuzinyuzi, dhaifu kuliko lile ulilozaliwa nalo.

Sasa hatari. Sindano chafu gotini inaweza kuleta usaha ndani ya kiungo. Mwaka wa 2018, wateja wa saluni moja isiyo na leseni jimboni New Mexico, Marekani, waliambukizwa HIV walipofanyiwa PRP ya uso. Kwa hivyo kabla ya kulaza mguu mezani, uliza jina la daktari na ulitafute kwenye sajili ya baraza la madaktari, KMPDC, mtandaoni. Uliza pia anadunga nini. Sindano za steroidi hutuliza maumivu haraka, lakini utafiti wa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba zikirudiwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili, gegedu hupungua zaidi.

Basi ufanye nini? Goti likifura baada ya kuumia, usikubali likandwe kwa nguvu, na usimeze tembe za maumivu ili ucheze Jumapili. Nenda Hospitali ya Kaunti ya Webuye likaguliwe. Ikibidi, omba rufaa hadi Hospitali ya Moi, Eldoret. Karibu nusu ya waliokatika kano kuu ya goti au meniskasi huwa na goti lililochakaa miaka 10 hadi 20 baadaye. Ukiumia ukiwa na 20, hiyo ni ukiwa na miaka 30 hadi 40.

Kisha fanya mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Gegedu hulishwa na ute wa goti, na hufanya kazi kama sponji: ukikanyaga linabanwa, ukiinua mguu linafyonza ute. Ukikaa tu, halili vizuri. Kama umenenepa, kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne kwa kila hatua.

Na mwambie kocha wenu atafute mazoezi ya FIFA 11+. Ni dakika 20 za kupasha mwili moto, hayahitaji vifaa vya gharama, na yamethibitishwa kupunguza majeraha. Ute unao tayari. Anza kuutumia leo, pole pole.